Theluji ya Babu Yake

Cheti cha kifo kinasema baridi. Sina ugomvi na daktari aliyekiandika, yeye aliandika alichokiona. Lakini mimi nimekaa na jambo hili miaka minne, na nimelisema mbele za watu mara moja tu, wakacheka. Sasa nalisema tena, na safari hii naomba mtu asicheke.

Tulikuwa madereva wawili wa Kitanzania katika yadi moja ya malori pale Clairwood, Durban. Mimi Mpare wa Same, yeye Mchaga wa Kibosho. Kwa Mtanzania hapo nimeshamaliza kueleza, lakini kwa wengine niseme: Mpare na Mchaga ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mchana kweupe, akakunyang'anya kofia, akakwambia unanuka, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Na ukifa, mtani ana kazi msibani: anakuja kukucheka mbele ya jeneza lako ili wafiwa wapumue kidogo.

Siku ya kwanza nilipoingia yadini, kabla hata hajanisalimia, aliniuliza kama yule kuku wangu ameshinda kesi. Maana Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Nikatoa sarafu ya randi mbili mfukoni, nikaidondosha kwenye saruji nyuma yake. Akageuka. Nikawaambia waliokuwepo kwamba huyu bado mzima, maana Mchaga akisikia pesa imeanguka na asigeuke, mkachimbe kaburi. Alicheka hadi akashika magoti, na jioni ile akanichukua kwake, Cato Manor.

Alikuwa na chumba kimoja, mke, na binti wa miaka miwili. Wakafunga shuka katikati ya chumba, nikalala upande wa pili miezi miwili bila kulipa hata senti. Mkewe alikuwa akinipakulia kwanza kabla ya mumewe, kwa sababu mimi ni mgeni. Nayataja haya ili msije mkadhani nilimchukia. Nilimpenda yule bwana kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Njia yetu ilikuwa Durban kwenda Johannesburg. Durban hakuna baridi ya kumtisha mtu, Julai unaweza kutembea na fulana. Lakini ukipandisha mlima wa Van Reenen unaingia nchi nyingine. Miaka mingine theluji huanguka kule hadi polisi wanafunga barabara, malori yanapanga foleni mlimani, mamia, na kila dereva anajifungia kwenye kichwa cha lori lake. Madereva wa zamani walitufundisha kanuni moja tu ya kule juu: usizime injini. Dizeli uliyojaza pwani haikutengenezwa kwa baridi ile. Ikikaa bila kuzunguka inakuwa nzito kama samli, na injini haiwaki tena mpaka jua litoke.

Sasa huyu mtani wangu alikuwa na jivuno moja lililonikera kweli, na jivuno lenyewe lilikuwa theluji. Kilimanjaro iko juu ya kwao, kwa hiyo theluji yote duniani ilikuwa ya babu yake. Wazungu wanaazima tu. Tukipita Van Reenen wakati wa baridi alikuwa akiteremsha kioo na kumwamkia babu yake kwa Kichaga. Mimi nikimwambia, Mangi, chifu wangu wa Kichaga, hiyo theluji umeiona kama nilivyoiona mimi, kwa mbali, umekaa chini ya mgomba. Na ilikuwa kweli. Hakuna kati yetu aliyewahi kuigusa kabla ya kuja Afrika Kusini. Lakini mimi nilibeba mablanketi mawili na chupa kubwa ya chai, naye alibeba jaketi jepesi na kofia ya mzula, ile ya sufu inayoshuka hadi kidevuni, basi. Alinibandika jina, Bibi Mablanketi, na jina likashika yadi nzima. Hata Mkongo wetu mmoja, mtu mpole asiyependa mizaha, akawa ananiita hivyo.

Lile jina liliniuma. Kwenye utani husemi kwamba kitu kimekuuma, unangoja zamu yako.

Siku yenyewe tulitoka Clairwood alfajiri, mimi na mchele, yeye na vigae. Saa sita mchana tukafika mlimani na theluji ikaanza, kwanza kama unga unaopeperuka, halafu nzito kabisa. Polisi wakatusimamisha. Kati ya lori langu na lake kulikuwa na malori manne ya watu tusiowajua. Saa nane nikampigia simu ili nimchokoze, kwa sababu nilikuwa sina la kufanya.

"Mangi," nikamwambia, "nasikia injini inanguruma. Mwenye theluji anaota moto?"

Akacheka. Halafu mngurumo ukakatika, akasema, "Nimezima. Sikiliza." Alikuwa ameisogeza simu mbali na mdomo wake. Nilisikia upepo tu.

Kanuni aliijua, na mimi niliijua. Lilihitajika neno moja tu, washa bwana, tumeshataniana vya kutosha. Mke wangu husema kwamba nina mdomo usiojua kufunga duka, na siku ile duka lilikuwa wazi. Nilimwambia haya, tuone Mchaga anavyokaa kwa babu yake bila moto. Nikakata simu, nikaongeza hita, nikamenya mayai yangu ya kuchemsha.

Alikaa mle saa mbili. Najua, kwa sababu ilikuwa saa kumi aliponigongea. Vioo vyangu vilikuwa vimezibwa na theluji, sikumwona, lakini aligonga kwa kiganja mara tatu, polepole, alivyogonga mlango wa nyumbani kwake kila aliporudi safari. Ningeujua ugongaji ule hata usingizini. Alisema nifungue, injini imegoma. Amejaribu kufungua chujio la dizeli, mikono yote imelowa mafuta, haisikii.

Nilifurahi. Nasema ukweli wangu wote leo, nilifurahi kama mtu aliyeona timu yake imefunga bao dakika ya mwisho. Miaka ya Bibi Mablanketi ilikuwa imesimama nje ya mlango wangu ikitetemeka. Komeo lilikuwa chini ya kiwiko changu. Nikamwambia sifungui mpaka aseme theluji si ya babu yake.

"Theluji si ya babu yangu," akasema. "Fungua."

Alisema upesi mno. Utani ukijibiwa upesi hauna ladha. Nikamwambia sasa aseme Mpare ni baba yake.

Alikawia. Upepo ulikuwa unapiga turubai la trela. Halafu akasema, "Mpare ni baba yangu," na ulimi wake ulikuwa mzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Baadaye niliambiwa kwamba hiyo ni dalili, mwili ukishaanza kushindwa na baridi ulimi hulegea. Wakati ule nilidhani anabana meno kwa hasira, na hasira yake ndiyo niliyokuwa naitafuta.

"Sijasikia," nikamwambia. "Sema kwa sauti, mpaka babu asikie."

Hakusema tena. Nilikaa nikicheka peke yangu, nikamalizia kikombe changu cha chai, ndipo nikafungua mlango. Hakuna mtu. Theluji ilinipiga usoni na kuanguka kwenye blanketi langu, nikatukana, nikafunga. Nilimpigia simu, ikaita bila kupokelewa. Amenuna, nikasema. Halafu nikajiambia hajanuna, ananitega: anataka nitoke nimtafute kwenye theluji huku amejificha ananicheka, kesho yadi nzima isimuliwe. Simpi raha hiyo. Nikajifunika mablanketi yote mawili, nikalala. Nililala vizuri, sikuota hata ndoto.

Asubuhi waokoaji walipita lori kwa lori wakigonga. Walipofika kwangu waliniuliza kama namjua mtu aliyeko nyuma. Nyuma wapi? Nyuma ya trela lako.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye matairi yangu ya mwisho, upande ambao upepo haufiki. Amevaa mzula hadi kidevuni, mikono ameiweka kwapani. Lori lake lilikuwa nyuma ya malori manne na hakwenda kwenye lori lake. Hakujificha, wala hakununa. Alikwenda mahali palipokuwa na nafuu, karibu na mimi, akangoja nimalize utani wangu. Nimejaribu kulitafsiri vingine kwa miaka minne na sikuweza.

Dereva wa lori lililofuata, Mzulu mmoja mtu mzima, aliwaambia polisi huku analia kwamba kuna mtu mwenye kofia ya kufunika uso aligonga kwake, hakufungua, alidhani mwizi. Siku hizi njia ile nani anamfungulia asiyemjua? Polisi walimtuliza mzee wa watu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yao, nikasema sikusikia kitu, nilikuwa nimelala.

Kabla mwili haujasafirishwa kwenda Moshi tuliagana naye kwenye ukumbi wa kanisa, Cato Manor. Watanzania walijaa, Wakenya wachache, na Wakongo wa yadini. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka bila kulia, bila kula, siku ya sita, na wanawake walikuwa wanamwogopa. Ndipo mwenyekiti wa jumuiya yetu akauliza mtani wake yuko wapi, mbona marehemu anaondoka mkavu hivi? Watu wakanigeukia, wakanisukuma mbele.

Nilianza na sarafu, kwa sababu ndiyo waliyoingojea. Nikaidondosha karibu na jeneza, nikatega sikio, nikawaambia kweli huyu amekufa. Ukumbi ukacheka, na nikaona bega la mjane limetikisika. Hapo nikashindwa kujizuia. Nikawaambia sikilizeni, huyu baridi haikumuua, mimi ndiye niliyemuua. Nikawasimulia yote: simu, injini, kiganja mara tatu, theluji si ya babu yangu, Mpare ni baba yangu, sijasikia sema kwa sauti. Nilisema huku machozi yananitoka na sauti inakatika. Nilidhani watanirukia. Nilitaka wanirukie.

Walicheka hadi wakashikana. Mpare wewe, walisema, mtu kafa na bado unataka akuite baba. Machozi yangu waliyaona ndiyo ufundi wenyewe. Na mjane, jamani, mjane alicheka mpaka akalala ubavu kwenye mkeka, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kilio alichokuwa amekizuia siku sita. Wanawake wakamkumbatia, wakanishukuru kwa macho. Baadaye aliniita, akanipa ile kofia ya mzula, maana mtani ana haki ya kuchukua kitu cha marehemu. Akasema, "Asante, shemeji. Umenitua."

Mtu mmoja hakucheka. Yule Mkongo wetu alinifuata nje nilipokuwa nimesimama kwenye ngazi. Kwao hawana mambo haya.

"Ile maneno ulisema," akaniuliza, "iko kweli?"

Mlango ulikuwa mbele yangu tena, na safari hii aliyegonga alikuwa ananipa nafasi ya kutoka. Nilimtazama machoni nikamwambia ni utani tu, ndugu yangu, ni mila yetu. Akasema sawa. Wiki iliyofuata akamwomba msimamizi asipangwe safari moja na mimi, na hajawahi kupangwa nami mpaka leo.

Mjane alirudi Moshi na mtoto. Mwezi uliopita alinipigia, na akaniuliza hali, nikamwuliza hali, tukaulizana habari za watoto. Kisha akasema binti ameanza kuuliza baba yake alikufaje, shuleni wenzake wanamwambia hakuna mtu anayekufa kwa baridi Afrika. Kila akimweleza, mtoto analia hadi anatapika. Akaona anipe mimi.

"Msimulie ile ya mlango, shemeji," akasema. "Ile uliyotuchekesha. Nataka na yeye amkumbuke baba yake anacheka."

Nikasikia simu inapokezwa, halafu pumzi ya mtoto. Ana miaka tisa. Alinisalimia shikamoo, nikaitika. Akasema, "Mama anasema inachekesha sana." Nilikuwa nimeegesha Clairwood, mzula wa baba yake ukiwa kwenye dashibodi, na nilikuwa na muda wa kutosha wa kumwambia ukweli. Nikakohoa nikasafisha koo. Nikaichezesha sauti kidogo, kama ipasavyo.

"Basi," nikamwambia, "baba yako akaja, akagonga kwa kiganja mara tatu."

Akaanza kucheka.