Bunduki Waliyoing'arisha

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya silaha, hapa Maskati, wenzangu walidhani nimekuja kupika chai. Fundi Mkuu alinipa bunduki kuukuu na kitambaa cha mafuta, akanambia: "Kutu toa. Alama ya mtu wacha." Kwa kauli hiyo nilifanya kazi mpaka nikahamishiwa makumbusho, na nikikumbuka yaliyonikuta huko damu hunichemka mpaka leo.

Tuliletewa bunduki ya mlenga shabaha, ya zamani, yenye darubini juu. Aina ile sikuwahi kuiona nyengine. Mtutu ulikuwa na kutu na darubini imeingia ukungu. Nilivisafisha taratibu kwa pamba. Kwenye kitako, pale askari anapoegemeza shavu, palizungushwa kipande cha kilemba, maana jua la milimani huichoma mbao ikauma shavu. Kitambaa kilikuwa kimegandana na mbao kwa jasho. Askari mwenyewe, mzee Nasoro, alikuwa hai, anakaa Amerat, nje kidogo ya mji.

Mkurugenzi alipokuja kukagua alikunja uso. Alitaka kitambaa kitolewe, na mbao ipigwe msasa na vanishi kabla ya ufunguzi wa maonyesho. Nikamweleza kwamba msasa ukishapita, kilichoondoka hakirudi.

"Bi Zuwena," alisema, "wageni hawaji kutazama uchafu."

Uchafu! Jasho la mtu aliyelala juu ya mawe akilinda nchi, yeye anaita uchafu. Nilikataa katakata. Kazi akapewa mwengine, na mimi nikakiokota kitambaa kwenye pipa la taka.

Siku ya ufunguzi mzee Nasoro aliletwa na binti yake. Alikitazama kile kitako kinachong'aa kama kabati la bi harusi, akasema hiyo si yake, akaomba arudishwe nyumbani. Mkurugenzi akacheka mbele za watu, akasema uzee huo. Sijamsamehe.

Haukupita muda nikastaafu. Nikaendesha gari kutoka kwangu Sib hadi Amerat, nikampelekea mzee kitambaa chake. Alikiweka shavuni, akafumba macho.

"Hichi ndo chenyewe," alisema. "Na bunduki yangu mmeipeleka wapi, mwanangu?"

Nyinyi mnaoishika kazi hii leo, siku mkiamrishwa mpige msasa, nendeni kwanza mkamjibu yeye. Mimi nilishindwa.