Nilisoma sehemu ya mke kwenye tamthilia ya Wagiriki wa kale, nikajikuta nakiri jambo

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Sydney, chumvi sijaongeza.

Mke wangu, Mama Joy, ni nurse hospitali ya Westmead. Mwaka huu kajiandikisha unit moja ya chuo, mambo ya tamthilia za Wagiriki wa kale. Nilimcheka kweli.

Jumapili moja tumetoka kanisani, akaniomba nimsaidie mazoezi. Scene ina mume na mke. Nikachukua karatasi ya mume, akaninyang'anya.

"Baba Joy, wewe ni mke. Zamani wanaume ndio walioigiza wanawake wote."

Nikadhani utani. Akanieleza: maigizo yale yalikuwa sehemu ya sikukuu ya mungu wao, mchana kweupe, mji umekusanyika. Waandishi wanaume, waamuzi wa mashindano wanaume, waigizaji wanaume wenye vinyago usoni. Kama wanawake waliruhusiwa hata kutazama, wasomi bado wanabishana.

Hapo nikaanza kunogewa. Nikauliza, sasa mbona hadithi zenyewe zimejaa wanawake wakali, wanaopanga mambo, wanaogoma?

Akasema hata yeye hilo linamsumbua. Mwanamke wa heshima alitakiwa akae ndani. Na nyuma ya jukwaa kuna mlango wa nyumba. So mwanamke akitokeza tu mlangoni, watazamaji wanajua kuna jambo. Wengine huanza kwa kujitetea kwa nini wametoka.

Basi nikasimama kwenye mlango wa jikoni, nikasoma. Mke analalamika kuwa mumewe kaamua wahame, yeye kaambiwa mwisho, kama mzigo.

Binti yetu Joy, miaka kumi na moja, alikuwa kwenye kochi.

"Dad, say it like you're actually angry."

Nikarudia kwa hasira. Katikati nikashusha karatasi.

Wakuu, wiki ileile nilikuwa nimepeleka application ya kupanga nyumba Macquarie Fields, mbali kusini mwa jiji, karibu na kaka yangu. Mke sikumwambia. Nilipanga nimwambie tukishakubaliwa. Atafikaje Westmead alfajiri, sikuwaza.

"Mbona umeacha? Mstari ni wako," akasema Mama Joy.

Nikamwambia yote, palepale mlangoni.

Hakupiga kelele. Aliweka karatasi mezani, akauliza, "Ungeniambia lini?"

Laiti ningekuwa na kinyago.

Alifikiria siku mbili, akasema hataki kuhama. Nikampigia agent wa nyumba, nikaondoa application. Kaka kaninunia, anasema natawaliwa. Bado tupo palepale Granville, karibu na hospitali yake.

Nilichojifunza: nilijiona mwanaume wa kisasa kwa sababu napika na kuosha vyombo. Kumbe mambo makubwa nilikuwa naamua peke yangu, na sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipolalamika kwa sauti yangu mwenyewe.

Ila kuna kitu bado nakiwaza, na Mama Joy naye hajui. Wenye historia yenu na wenye ndoa zenu, nisaidieni hapa.

Wale wanaume wa Kigiriki waliokaa pale wakasikia uchungu wa mke ukitoka kinywani mwa mwanaume mwenzao: walipofika nyumbani, kuna hata mmoja aliyemuuliza mkewe chochote?