Mtabiri wa Mvua ya Jana

Saa tatu asubuhi. Barabara iliyo nje ya kituo cha utabiri wa mafuriko imejaa matope, na mtunga programu aliyeketi dirishani, viatu vyake vikichuruzika maji, anaisoma kompyuta kwa sauti ya mtangazaji: "Jana jioni kutanyesha mvua kubwa."

Wenzake wawili wanapiga makofi. Ndio utani wao wa kila asubuhi, kwa kuwa programu hiyo ya zamani imeachwa iendelee kwa ajili ya kulinganisha majibu tu. Miezi sita iliyopita hakuna aliyecheka.

Wakati huo programu hiyo ndiyo iliyotegemewa, nayo ilichukua saa thelathini na moja kutabiri saa ishirini na nne zijazo. Hata asiyejua hesabu anaona tatizo lilipo.

"Mwanangu mdogo alikuwa ananiuliza, mama, jana kutakuwa na jua?" anasema mtunga programu.

Kicheko kinamkauka anapomtaja mama yake mzazi, anayeishi peke yake bondeni, hatua sitini kutoka mtoni. Mwaka jana maji yalimkuta amelala. Aliokolewa akiwa juu ya meza.

"Onyo langu lilitoka kesho yake," anasema. "Tena lilikuwa sahihi kabisa! Niliona aibu, nikashindwa hata kumtazama usoni."

Mashine haikuwa na kosa. Programu iliandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta iliyo nyepesi kuandika, ila ukiipa mamilioni ya hesabu za kurudia moja baada ya nyingine, inajikokota. Mkuu wa kituo akampa wiki mbili achague lugha nyingine.

Mtunga programu ana desturi yake. Kila lugha huipa mtihani uleule, kukokotoa jinsi joto linavyosambaa kwenye bati, na matokeo huyaandika kwa chaki mlangoni. Python ilitumia dakika kumi na moja. C++, lugha nyingine, ikatumia sekunde tisa. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Fortran, iliyobuniwa tangu zamani kwa hesabu za kisayansi.

"Lugha iliyonizidi umri?" mkuu aliguna.

Mtunga programu akaahidi kwamba itaongoza, akawaita wafanyakazi wote waje washuhudie. Fortran ikatumia sekunde hamsini na mbili.

"Mkuu alinishika bega, akanipa pole kama mfiwa," anakumbuka.

Akampigia simu mtangulizi wake, mstaafu anayefuga kuku, aliyebandikwa jina la Bi Kadi kwa sababu alianza kazi enzi za programu za kutobolewa kwenye kadi. Akamsomea mistari kumi ya programu yake. Upande wa pili kikasikika kicheko kirefu, na kuku.

"Mwanangu, Fortran inapanga namba kwa safu za wima, wewe unazisoma kwa mlalo kama ulivyozoea kwenye C++! Unalima kwa kuruka matuta. Fuata tuta moja mpaka mwisho, ndipo uingie la pili."

Akabadilisha nafasi za mistari miwili tu. Sekunde nane.

C++ aliiacha kwa sababu wataalamu wa hali ya hewa, watakaorithi kazi hiyo, walikuwa wakiifungua na kuifunga papo hapo kwa kuiona ngumu. Hesabu nzito zikahamia Fortran, ramani zikabaki kwa Python. Utabiri sasa unatoka ndani ya saa nne.

Jumanne iliyopita ulisema maji yatafika bondeni saa kumi jioni. Saa saba mchana alimpigia mama yake, na majirani wakapandisha godoro, jiko na mbuzi wawili mpaka shuleni, mlimani. Saa kumi na robo simu ikalia.

"Maji yako yako wapi?" mama alifoka. "Nirudi nikalale?"

"Mama, usithubutu! Kaa hapo hapo!"

Saa kumi na nusu maji yaliingia ndani, yakafika usawa wa dirisha. Mama alikuwa mlimani, mkavu, akinung'unika. Kabati lake la harusi lilikuwa zito mno, na muda haukutosha kulibeba.

Binti yake sasa anajifunza kuigawa kazi ili sehemu zote za kompyuta zikokotoe kwa pamoja, utabiri utoke ndani ya saa mbili.

"Nikizipata hizo saa mbili," anasema, akivuta kiti karibu na meza, "tunalitoa na kabati."