Nilivyotenganisha leya za kofia ya shemeji kwa programu ya bure, shangazi zake wakadai tumeinunua

Wakuu, asalaam aleikum, na wa salamu nyingine habari za mihangaiko.

Leo nimekuja kujisifu. Nasema mapema ili mwenye roho ya korosho apite pembeni. Haya yametokea nyumbani kwetu, nimeyaona kwa macho yangu, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni mwanamke, nina steshenari ndogo Kilwa Kivinje. Natoa kopi, naprinti, natengeneza kadi za harusi. Kompyuta nimejifunzia humohumo dukani, kwa kuharibu na kurudia.

Mdogo wangu Zuhura alichumbiwa na kijana wa Kiswere. Kwa wasiojua, huku kwetu zipo familia ambazo bado zinataka binti amshonee mchumba wake kofia kwa mkono, ile ya viua, yaani vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Ndugu wa mume wanakabidhiwa siku wanayoleta sanduku la bibi harusi, na wanaikagua palepale mbele yenu. Wanaipindua ndani nje. Usaili wa kazi una afadhali!

Sasa Zuhura amesoma bweni miaka mingi. Shangazi za bwana harusi wakaanza maneno, eti msomi huyo sindano ataijulia wapi. Maneno yakamfika. Mtoto akaapa kofia ataishona mwenyewe, kila tundu, na mtu asiiguse.

Binamu yetu Sharifa, yuko Unguja, anachora kwa kompyuta. Akamchorea nakshi ya duara la juu la kofia, akanitumia faili la PSD, lile la Photoshop.

Ukilitazama lote kwa pamoja ni vurugu tupu. Pindo, majani, maua, viua, vyote vimepandana. Mshonaji anaenda kwa hatua, kwa hiyo anataka kila kitu kwenye karatasi yake. Karatasi inakaa juu ya kitambaa, katikati unaweka kaboni, unapitisha kalamu kwenye mistari.

Bahati nzuri ndani ya faili kila kitu kilikuwa leya yake. Asiyejua leya afikirie karatasi za nailoni zinazopitisha mwanga, kila moja ina mchoro wake, zimepangwa moja juu ya nyingine.

Mtauliza kwa nini Sharifa asitume zikiwa zimeshatenganishwa. Sharifa alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, hata simu hashiki. Tungemsumbua kwa lipi?

Kuna jamaa wa kompyuta akaniambia bila programu ya kulipia kila mwezi, hilo faili kwangu ni pambo. Nikamshukuru kwa ushauri, nikaenda kushusha GIMP, programu ya kuhariri picha. Ya bure kabisa.

Faili likafunguka bila kinyongo. Leya zote zikajipanga pembeni, kila moja na kijicho chake cha kuiwasha na kuizima. Majina yake sasa! Binamu nakupenda, lakini "Layer 3 copy copy" ndiyo nini?

Nikafanya nilivyozoea. Nakopi leya moja, nabandika kama picha mpya, nasevu kama picha ya PNG, naprinti. Karatasi zikatoka safi, nikampelekea bibi harusi kwa mbwembwe zote.

Akashona pindo lote. Siku aliponakili maua, maua yakavuka pindo.

"Dada, mbona maua yamenenepa?"

Nikadhani utani. Nikaenda kuangalia, kweli, ua moja lilikuwa limekaa juu ya pindo kabisa. Zuhura akakaa chini na kitambaa chake mapajani, machozi yakaanza.

"Mwezi mmoja umebaki, dada. Watasema walijua tu kuwa siwezi."

Wakuu, iliniuma. Kosa langu, aibu inamwendea yeye.

Nikafunga duka nikakaa na lile faili. Kumbe ukikopi leya na kuibandika kama picha mpya, unapata saizi ya kilichochorwa tu, nafasi tupu ya pembeni inakatwa. Halafu printa yangu nilikuwa nimeiacha ijaze karatasi. Pindo lilikuwa kubwa tangu mwanzo, halikubadilika sana. Maua yalikuwa katikati, madogo, yakavutwa mpaka yakajaa ukurasa.

Kwa hiyo msikopi leya. Zimeni vijicho vyote, acheni kimoja, nendeni "Export As" mtoe PNG. Ukubwa wa ukurasa unabaki ule ule na kila mchoro unakaa mahali pake. Mnarudia kwa kila leya. Kwenye kuprinti mnaweka asilimia mia, printa isijifanye inajua kupanua.

Hapa naomba nijipige kifua kidogo, maana hili sikufundishwa na mtu. Niliongeza leya moja mpya, nikachora alama ya kujumlisha kwenye kila pembe. Kijicho chake sikukizima hata mara moja. Kila karatasi ikatoka na alama zilezile, mahali palepale. Nikazibandika dirishani kwenye mwanga, moja juu ya nyingine. Zikalingana mpaka nikacheka peke yangu.

Zuhura akaanza upya na kitambaa kipya. Alishona mpaka ncha za vidole zikawa ngumu. Mama akitaka kumpokea hata tundu moja anakataa.

Siku ya sanduku ikafika. Wageni kutoka Kiswere wakaingia, mbele yao Bi Mwanahawa, shangazi mkubwa wa bwana harusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kofia iko wapi?"

Hata maji hajanywa!

Akaipokea, akaipindua, akaisogeza machoni. Wenzake wakaishika mmoja mmoja. Nikaona anatafuta kosa na halioni. Mwisho akasema, tena kwa sauti:

"Nzuri. Mmeinunua Unguja."

Mama akainamisha uso. Mimi nilishafungua mdomo niwaelezee habari za leya, sijui wangenielewa nini, mara pazia la chumbani likafunguliwa.

Zuhura akatoka, ushungi umefika machoni, mkononi ana sindano, uzi na kipande cha kitambaa kilichobaki. Akakaa mkekani mbele ya Bi Mwanahawa, akamwamkia. Akaanza kushona kiua.

Wote tukawa tunaangalia mkono wake. Alipokata uzi akampa.

Bi Mwanahawa akakipindua kile kitambaa, akaipindua na kofia, akaweka migongo ya mishono pamoja. Alichukua muda wake, hana haraka mama yule.

"Uzi umelalia upande mmoja, huku na huku," akawaambia wenzake. "Mkono ni huu huu."

Kisha akawageukia kwa ukali kidogo.

"Sasa mnasubiri nini? Pigeni vigelegele!"

Mama alilia. Mimi nikaenda jikoni kujifanya naangalia pilau.

Nilichojifunza: programu ya bure inatosha ukiisikiliza. Na kazi yako ikiingia kwenye mkono wa mwenzako, hakikisha vipimo kabla hajatia sindano, maana kosa lako atalijibu yeye.

Mwenye njia ya kutoa leya nyingi kwa mkupuo bila kuzima kijicho kimoja kimoja aiweke hapa, wapo watakaoihitaji. Maswali nayo karibuni.

Picha ya kofia msiniombe, ina mwenyewe. Siku ya nikaha shemeji alikuwa nayo kichwani, na kila aliyekuja kumpa mkono alianza kuitazama kofia kwanza. Mimi nilikuwa dirishani, nawatazama wanaotazama.