Hina Niliyoificha Ndani ya Glovu

Karibuni karakanani, wadogo zangu. Mtaniwia radhi, nitazungumza huku natembea. Kukaa siwezi. Mama yangu husema nilizaliwa nikiwa na safari, nikasahau ya wapi.

Naitwa Zuhura. Asili yetu ni Kinole, ila nimekulia hapa Kihonda. Nilikuja chuoni kusomea uhandisi mitambo kama ninyi. Darasani nilikuwa moto. Hesabu nilimaliza kabla ya wote, kisha naanza kutikisa mguu mpaka meza inatetemeka na jirani yangu ananuna.

Karakana ndiyo ilinishinda. Mwaka wa kwanza mkufunzi wetu, Fundi Salumu, alimpa kila mmoja wetu kipande cha chuma na tupa ya kukisugulia. Tupige tupa mpaka pande zote zinyooke na pembe zikae sawa. Wiki tatu! Kusugua chuma wiki tatu, na mashine nzima zimesimama pale zinanitazama? Siku ya tatu viganja viliniwaka moto. Nikamwendea Baraka, mwenzangu wa darasani, nikamfanyia hesabu zake, naye akanipigia tupa. Nikapeleka chuma hicho kwa Fundi kama changu, nikapata alama nzuri. Nilijiona mjanja kweli.

Mwaka wa pili mdogo wangu Tatu akaolewa. Jumapili wanawake wa Kinole walinipaka hina na piko, maua juu ya maua, kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko. Sijawahi kukaa saa mbili bila kuinuka ila siku hiyo. Jumatano tulikuwa tunaalikwa kwa wakwe, na mimi dada mtu ndiye wa kutazamwa. Lakini katikati hapo, Jumatatu, kulikuwa na jaribio la kukereza chuma, kukichonga kikizunguka kwenye mashine. Mafuta ya mashine na hina wapi na wapi?

Kila asubuhi Fundi Salumu alikuwa na maneno yale yale. "Glovu ya kubebea, si ya kukerezea. Onyesheni mikono." Tunanyoosha mikono, anapita anakagua. Jumatatu ile nilinyoosha mikono mitupu. Akatabasamu. "Hongera kwa kuozesha, binti." Alipogeuka kwenda kwa wengine, nikachomoa glovu za pamba mfukoni, nikavaa.

Mnaiona mashine hii? Hiki kichwa chenye meno, kinachoshika chuma na kuzunguka nacho, tunakiita chaki. Nilikuwa nalainisha chuma kwa msasa, nataka niwe wa kwanza kumaliza. Uzi wa glovu ukanasa. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia kuvutwa tu, kama mtu amenishika mkono kwa nguvu kunipeleka mahali.

Fundi ndiye aliyezima. Glovu ilibaki kwenye chaki, na ndani yake ngozi ya kidole changu cha mwisho, imevuliwa kama soksi. Mfupa nikauona, mweupe. Mnajua nilisema nini? "Fundi, imebaki kidogo tu, nimalizie."

Hospitalini daktari hakunizungusha. "Kidole cha mwisho hakiokoki. Cha pete tutaokoa nusu. Hivi vingine vipo, ila mishipa imeumia."

"Nitashika chombo cha kazi tena?"

"Itategemea utakavyotulia."

Kutulia! Afadhali angeniambia nikatwe mkono wa pili. Nilichokuwa nakitaka maishani ni mashine, basi, na sasa kinategemea kitu nisichokuwa nacho.

Nilipotolewa, Mama alinipeleka Kinole kwa Bibi nikapumzike. Siku mbili nikachoka kupumzika. Bibi alikuwa na mdalasini wa kumenya, nikaketi naye, nikabana vijiti kwa magoti na kumenya kwa mkono wa kushoto. Bibi akapiga kelele, "Weye mwana, hebu tua!" Sikutua. Kila saa nilikuwa nafunua bandeji nichungulie kama kimepona. Vumbi likaingia, jasho likaingia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki haikuisha, bandeji ikaanza kunuka kama nyama iliyolala. Usaha wa kijani. Homa ikanipandia mpaka meno yanagongana, na wekundu ukapanda mkononi hadi pale hina ilipokuwa imeishia. Tukateremka mlima, nikapasuliwa tena. Daktari aliyenisafisha alikuwa amekasirika. "Dada, ukifungua tena kitambaa hiki nitakufunga kwenye kitanda."

Safari hii nilimwogopa. Usaha ukakauka, kidonda kikafunga. Lakini vidole vilivyobaki vilikakamaa vikawa kama ndoano. Kijiko kinaniponyoka. Mama ananiogesha, ananifunga khanga, mtu mzima mimi. Nililia kwa hasira, na sioni aibu kusema.

Daktari aliporuhusu mazoezi, Fundi Salumu alikuja nyumbani. "Shikamoo Fundi," nikasema, nimeuficha mkono chini ya khanga. "Marahaba." Akaweka mezani tupa na kipande cha chuma. "Kesho njoo karakanani. Kile cha kwanza hukukipiga wewe."

Nikaona joto usoni. "Ulijua?"

"Ulikuja na chuma kilichonyooka na viganja havina hata lengelenge. Nilijua. Nikanyamaza kwa sababu kichwa chako ni kizuri, nikakupandisha kwenye mashine. Hilo kosa langu, binti, na nalala nalo."

Nikaenda. Tupa inakula ikienda mbele tu. Ukirudi unainyanyua, huikandamizi. Ukiwa na haraka, chuma kinatoka na tumbo. Changu kilitoka na tumbo mara sijui ngapi. Fundi anakiegemeza kwenye kipimo kilichonyooka, anaviinua dirishani, mwanga unapita katikati yake. "Rudia." Vidole vinauma, vinatoa jasho, vinafunguka unywele kwa unywele. Mbele, nyanyua. Mbele, nyanyua. Wenzangu walimaliza chuo, mimi bado nasugua. Waswahili husema kidole kimoja hakivunji chawa; vya kwangu vinane na nusu vilitosha, ila kwa mwendo wao, si wangu. Kisha asubuhi moja Fundi akainua chuma na kipimo dirishani, akakigeuza pande zote. Mwanga haukupita.

Akanipeleka kwenye mashine hii hii.

"Onyesha mikono."

Nikanyoosha.

"Mitupu?"

"Mitupu, Fundi."

"Washa."

Nikawasha. Alhamdulillah. Namshukuru Mungu, daktari aliyenikaripia, Mama aliyeniogesha, na Fundi aliyerudi kunidai chuma. Amestaafu, na leo mimi ndiye nagawa tupa. Bado sijui kutulia, mnaniona navyozunguka. Nikishika tupa tu ndiyo mguu unanyamaza. Sasa ninyi msimpe mtu kazi ya viganja vyenu awafanyie. Malengelenge yanapona, mimi nimehakikisha.

Haya, onyesheni mikono. Vizuri. Nanyi. Wewe binti wa nyuma, mbona mikono mfukoni? Itoe. Mashaallah, hina nzuri, nani kaolewa? Hongereni. Usiifiche, mdogo wangu. Kazi ya mashine itangoja sherehe zenu ziishe. Leo glovu hizo za mfukoni weka pale, njoo uchukue tupa.