Maharagi Yetu Ilifunga Ramadhani

Wakuu wa jukwaa, hamujambo? Hapa Muhumba mvua inapiga mabati tangu asubuhi, na nimekumbuka kitu. Nawaelezea vile ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Miye ni Mukatoliki. Zamani kidogo nilipata kazi ya kufundisha sayansi mu maternelle, shule ya batoto badogo, moja ya Kiislamu hapa Bukavu. Batoto ba miaka ine, mitano.

Siku ya kwanza directrice, mukubwa wa shule, aliniambia: "Madame, fundisha vyote, lakini mambo ya dini uachie Maalim."

Maalim alikuwa muzee wa kufundisha Kurani, mukali kabisa. Hata miye nilikuwa namuogopa, musinicheke.

Somo langu: mbegu inaota namna gani. Kila mutoto na mukebe wake wa tomate, pamba, maharagi mbili. Kila asubuhi anamwangia yake maji. Weeh, ile furaha! Balikuwa banakimbilia mikebe hata mbele ya kuvua koti.

Ramadhani ikaingia.

Siku ya ine naona majani imelala, pamba imekauka. Nikauliza: mbona hamumwangie maji?

Bote kwa sauti moja: "Madame, inafunga!"

Nyumbani balikuwa banajifunza kufunga nusu siku. Basi na maharagi ifunge, itakunywa magaribi. Lakini sisi tunarudi nyumbani saa sita ya muchana! Magaribi darasani hakuna mutu. Ile maharagi haikufuturu hata siku moja, masikini.

Nilitaka kusema "mwangieni maji", nikajizuia. Miye Mukristo, nikataze batoto ba Kiislamu mambo ya saumu? Niliona kazi yangu inaenda.

Njo Zaituni, mudogo kuliko bote, akaanza kulia. Akatoa mukebe wake nyuma ya kabati. Maharagi yake mubichi, imesimama.

"Madame, yangu ilikunywa muchana. Ilikuwa na kiu. Mungu atanikasirikia?"

Nilimubeba mpaka kwa Maalim. Nikamuelezea yote, mambo ya mikebe na ile Zaituni aliniuliza.

Muzee aliangalia ule mukebe. Akakuja darasani, akakaa chini katikati ya batoto.

"Maharagi yenu iko na siku ngapi?"

"Kumi na mbili!"

"Basi iko mutoto bado. Mutoto mudogo halazimishwe kufunga."

Akatuma mutoto alete birika yake ya kutawadhia, akamwangia mikebe yote yeye mwenyewe, moja moja. Kisha akamwambia Zaituni: "Weye uliona kiu ya mwenzako. Mungu hakasirikie hiyo."

Mingi ilisimama tena. Mbili ilikufa, tukaizika nyuma ya darasa, batoto banalia kama matanga ya kweli.

Wakuu, funzo langu njo hili, na mpaka leo linaniuma. Miye niliogopa kazi, nikanyamaza. Zaituni aliogopa Mungu, lakini alimwanga maji.

Na nyinyi, mutoto gani alikufundisha kitu ukiwa mutu muzima? Andikeni hapa chini, nitasoma yote.

Maalim alishakufa, Mungu amurehemu. Lakini kila Ramadhani naweka maharagi mbili mu mukebe hapa dirishani, na saa sita ya muchana naimwangia maji.