Nusu ya Sebule Yetu ni ya Sungura

Kabla hujaniuliza, nakujibu kabisa: sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na kitu pekee nilichokunywa siku hiyo ni chai ya rangi. Jambo hili lilinitokea Ujiji, sebuleni kwetu, mchana kweupe. Najua wapo wanaotaka mambo ya ajabu yawe ya usiku na ya makaburini. Mimi usiku nalala, na makaburini siendi. Kama kuna kitu cha ajabu kilinitaka, ilibidi kinifuate nyumbani, na ndivyo kilivyofanya.

Maana mimi ni mtu wa ndani. Kaka yangu Hamisi aliniita Konokono, akisema siku nikitoka lazima nitoke na nyumba mgongoni. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa. Wenzangu walikwenda kusoma Tabora, wengine wakaolewa, mimi nikakaa. Sokoni nilikwenda kwa kubembelezwa. Ziwa Tanganyika, ambalo liko mteremko mfupi tu kutoka kwetu, nililiona zaidi kwenye kalenda.

Sasa mtu wa ndani lazima awe na kazi ya ndani. Yangu ilikuwa gemu ya Hamisi.

Ilikuwa gemu ya kuchomeka kwenye TV, na mfanyabiashara mmoja ndiye aliyeileta kutoka Bujumbura kabla mambo ya huko hayajaharibika. Ilikuja na kaseti moja tu, ya wanyama wanaopigana, yenye maandishi ambayo hakuna mtaani aliyejua kuyasoma. Kwa hiyo majina tuliwapa wenyewe. Vijana wote waliomjia Hamisi walimgombea Mamba, kwa sababu ana meno, au Kifaru, kwa sababu ana pembe. Sungura hawakuguswa. Nani anataka kuonekana na sungura mbele ya wenzake?

Hapo nisikilize vizuri, maana mambo ya wale sungura hakuna aliyeyajua Ujiji nzima kuliko mimi. Sijisifu, nasema ukweli.

Kulikuwa na mmoja mweupe, mdogo, mkia kama kifuniko cha thermosi, masikio marefu kuliko mwili. Tulimwita Pamba. Aliyemchora hakuwa mjinga. Yale masikio hayakuwa pambo: adui akitaka kupiga, sikio la upande ule lilitikisika kidogo kabla pigo halijatoka. Ukiangalia sikio, unajua ngumi inatokea wapi, unahama, unamwacha Mamba anang'ata hewa. Vijana hawakuliona kwa sababu walikuwa wanashangaa meno. Wa pili alikuwa wa kahawia, mikono kama vijiti vya kiberiti, miguu ya nyuma minene kama mitwangio, na jina likawa hilohilo, Mtwangio. Huyu ukimsimamisha ana kwa ana na mtu, hana kitu. Lakini mkimbize! Pigo lake lilitoka nyuma, akiwa anakimbia, adui anapodhani ameshinda. Hamisi alimkataa. "Mwanaume gani anakimbia ili ashinde?" Nikamjibu, "Anayeshinda, kaka."

Halafu kulikuwa na wa tatu, ambaye hatukuwahi kumwona. Kwenye kioo cha kuchagulia palikuwa na kisanduku chenye kivuli tu, masikio mawili, la kushoto limekatika ncha. Ukikifikia na kubonyeza, kinatoa sauti kama mtu anayesafisha koo, basi. Hamisi na wenzake walimaliza gemu kwa kila mnyama wakitumaini kisanduku kitafunguka. Hakikufunguka.

Jambo moja zaidi kuhusu gemu ile, ulikumbuke. Kila raundi ilipoanza, wanyama wote wawili waliinama na kupigiana makofi, adabu za huko walikotengenezwa. Vijana walisubiri. Mimi nilikuwa nabonyeza hapohapo, nampiga mwenzangu bado ameinama. Hamisi aliita uhuni, mimi niliita kuwahi.

Bibi yetu mzaa mama, Muha wa Kasulu, ndiye pekee aliyeipenda sehemu ile. Waha wakisalimiana wanapiga makofi, unajua, na wanaulizana habari za mmoja mmoja hadi za mbuzi. Bibi alipowaona wale wanyama alisema, "Hawa ni watu wa kwetu." Na alipokuja mgeni wake wa Kasulu, sebule nzima ililia makofi, sisi watoto wa mjini tunachekea mlangoni.

"Bibi, chai inapoa!"

"Chai nitaipasha, mke mwenzangu. Huyu nikimkatia salamu nitampasha kwenye jiko gani?"

Basi. Ilikuwa miaka ile Warundi wanavuka kwa wingi. Walifikia Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, wakaletwa huku kwa maboti, na kabla ya kupelekwa makambini wengine walipita mitaani wakiomba maji au kuulizia ndugu. Mtungi wetu uliwekwa karibu na mlango kwa ajili hiyo. Mwanzoni tulikuwa tunasimama, tunawatazama, tunawauliza majina. Kisha wakazidi, na mdomo ukazoea. Hodi. Karibu, maji hayo hapo, hapa ni kwako. Mimi nilikuwa nayasema kama mtu anayepiga chafya.

Ijumaa hiyo Hamisi na wenzake walikuwa wameshakwenda msikitini. Huo ndio ulikuwa wakati wangu wa gemu, mimi na pedi zote mbili za kuchezea. Mama yuko sokoni, Bibi yuko kwenye matanga Rusimbi. Nimekaa mkekani, mgongo mlangoni, Pamba wangu anamsumbua Kifaru, nikasikia hodi ya sauti ndogo.

"Karibu, hapa ni kwako," nikasema. Sikugeuka.

Nikasikia makofi, polepole, ya viganja vilivyokunjwa kidogo. "Amahoro," sauti ikasema, yaani amani, salamu ya Warundi. Sauti ya mwanamke.

"Maji hayo hapo."

Makofi tena. "Amahoro."

"Hapa ni kwako, dada, jisikie huru." Kifaru alikuwa karibu kuanguka, ningefanyaje?

Makofi yakakoma. Harufu ya ziwa ikaingia, ile ya majani yaliyolowa, na mtu akakaa mkekani kando yangu. Mkono ukachukua pedi ya pili.

"Umesema hapa ni kwangu," akasema.

"Ee. Karibu."

"Milango yote tangu Kagunga wananiambia hivyo. Nami napita, najua ni maneno tu. Lakini wewe nimekusalimu hukunijibu, ukarudia kunipa. Nimechoka kupita. Nimepokea."

Nikacheka. "Dada, hilo ni neno la ukarimu tu."

"Umelitoa au hukulitoa?"

"Nimelitoa, ila..."

"Sasa wewe utakwenda wapi?"

Aliuliza kwa upole, kama anayekusaidia kupanga safari. Na hapo, niamini, nikainua macho ukutani. Tulikuwa na picha ya familia tuliyopiga Sikukuu ya Idi: Mama kushoto, Hamisi kulia, mimi katikati na gauni langu la kijani. Mama alikuwepo. Hamisi alikuwepo. Katikati palikuwa na pengo, na ukuta wa studio unaonekana vizuri nyuma yake.

Je, wewe ungepiga kelele? Mimi nilijaribu. Ilitoka pumzi. Niliwaza kitu kimoja tu: Mama atarudi na kapu lake, atanitazama, atasema, "Karibu, binti, maji hayo hapo." Mtu kama mimi, asiyejua hata njia ya kwenda mtaa wa Mwanga, hapo jirani tu, bila kuuliza, akiondolewa sebuleni anabaki kuwa nani?

Yule mwanamke akaona ninakotazama. "Tucheze," akasema. "Ukinishinda, neno lako unalirudisha. Nikikushinda, linabaki kwangu."

Nitakwambia kitu cha aibu: nilifurahi. Katika mambo yote ya dunia, amechagua hilo! Angesema tukimbie mbio au tuogelee, leo usingenisikia nikisimulia. Nikamchukua Pamba haraka. Yeye akasogea taratibu hadi kwenye kisanduku cha kivuli, akabonyeza. Hakikusafisha koo. Kilifunguka.

Hakuwa mweusi. Alikuwa wa kijivu cha mchanga uliolowa, mwembamba, mbavu zinahesabika, sikio la kushoto halina ncha. Nikaiba jicho kumtazama mwenzangu. Kilemba chake cha kitenge kilikuwa kimeteleza, na sikio lake la kushoto, palepale, halikuwa na ncha.

Ili kushinda ilibidi mtu apate raundi tatu. Ya kwanza nilicheza uhuni wangu: bado ameinama anapiga makofi, nikampiga. Pigo likapita katikati yake kama mkono unaopita kwenye moshi. Nikaangalia masikio ya Pamba yaniambie pigo linatoka wapi. Halikutikisika hata moja. Hakukuwa na cha kusikia. Alikuwa mbele, akawa nyuma, Pamba akalala chali.

Ya pili nikamtoa Mtwangio, fundi wa kupiga akikimbia. Nikakimbia. Kivuli hakunifuata. Alikaa katikati ya uwanja, ametulia kama sungura wa porini anavyolala kwenye nyasi, macho wazi, akiningoja nichoke. Na utampigaje teke la nyuma mtu asiyekufukuza? Nilipogeuka kumtafuta alikuwa ameshafika. Kumbe aliyekimbia vya kutosha hana haja ya mbio za mwingine.

Raundi ya tatu ikaja. Wanyama wakainama. Kidole changu tayari kiko juu ya kitufe, mazoea ni mazoea, ndipo nikausikia mdundo wa makofi ya yule sungura. Polepole. Viganja vimekunjwa kidogo. Ndiyo makofi niliyoyasikia mgongoni pangu, mlangoni, nikiwa namhangaikia Kifaru. Na Kivuli hakuinuka. Alibaki ameinama, akipiga, kama alivyoinama raundi zote mbili na mimi sikuwa nimesubiri kuona.

Hao ni watu wa kwetu, Bibi alisema.

Nikaweka pedi chini. Nikageuka, kwa mara ya kwanza, nikamtazama usoni. Hakuwa mzee, hakuwa jini. Alikuwa msichana wa rika langu mwenye midomo iliyopasuka, na pindo la kitenge chake lilikuwa linachuruzika maji. Nikapiga magoti, nikakunja viganja kama Bibi, nikapiga makofi.

"Amahoro, dada."

Viganja vyake vikakutana. "Amahoro."

"Habari za huko mlikotoka?"

"Nyumba imeungua."

"Pole. Mama hajambo?"

"Tulipotezana usiku wa kuondoka."

"Pole sana. Na watoto?"

"Mdogo wangu. Nilimshika mkono kwenye boti, nilipofika Kagunga nilikuwa nimeshika kanga yake. Ndiye ninayemtafuta." Makofi yake hayakukoma. "Na wewe? Bibi yako hajambo?"

Nikamjibu. Nikamwambia habari za Bibi, za Mama, za Hamisi na mbwembwe zake, hata za kuku. Sikukata. Tulipoishiwa na watu wa kuulizia, TV ikalia. Muda wa raundi ulikuwa umekwisha na hakuna aliyempiga mwenzake. Pale kiooni sungura wawili walikuwa bado wameinamiana. Hesabu ya raundi zote ikafutika na pande zote mbili zikawaka rangi moja.

"Sare," akasema, na nusura acheke. "Basi nusu yako, nusu yangu."

"Nusu ya nini?"

"Ya neno ulilonipa."

Akanywa maji, akafunga kilemba vizuri juu ya sikio. Nikamuuliza anakwenda wapi na jua lote hili. "Kumtafuta mtoto," akasema. "Lakini sasa nina pa kumleta."

Hamisi alinikuta bado nimepiga magoti. "We Konokono, unaswalia TV?"

"Nilikuwa nacheza."

"Unacheza na nini? Umeme umekatika tangu asubuhi. Hujasikia leo wameadhini bila spika?"

Nikatazama. TV ilikuwa giza. Nikaigusa, ilikuwa baridi. Sakafuni, kutoka mkekani hadi mlangoni, kulikuwa na alama za mchanga uliolowa: mbili kubwa mbele, mbili ndogo nyuma, mbili kubwa mbele, mbili ndogo nyuma. Hamisi alisema ni paka. Bibi aliporudi alizitazama, akaniuliza jambo moja tu: "Ulimjibu?" Nikasema nilimjibu. Akaenda kupasha chai.

Kile kisanduku cha tatu kilibaki wazi na kitupu. Kwenye picha nilirudi, lakini nusu ya uso wangu imefifia hadi leo. Hamisi anasema ni unyevunyevu. Unyevunyevu gani unaofuata mstari ulionyooka kutoka utosini hadi kidevuni?

Na kila Ijumaa, wanaume wakishakwenda msikitini, naweka kikombe cha maji upande wa kushoto wa mkeka, natoka kukaa barazani. Ndiyo, mimi, Konokono, nje ya gamba! Makubaliano ni makubaliano. TV ile iliungua zamani, na gemu Hamisi aliigawa. Hata hivyo ukikaa kimya pale barazani utasikia vitufe vinabonyezwa ndani.

Kwa hiyo nakuonya. Kabla hujamwambia mtu hapa ni kwako, geuka kwanza umwone. Salamu yake ikija, iache ifike mwisho, chai itapashwa. Wapo wanaolichukua neno hilo kama lilivyo, na hukumu ikifika si wote watakaopata sare. Na ukipita kwetu Ijumaa mchana ukanikuta nje, usiingie. Kaa nami, usikilize. Miaka mingi ilikuwa pedi moja tu inayolia mle ndani. Siku hizi zinalia mbili.